Mdaiwa Hashiki Kalamu

(Maneno tuliyoyasema barazani Temeke, mbele ya ndugu zetu wa visiwani wakaao Temeke na Kinondoni)



Tumeombwa tuzungumze juu ya pensheni za watumishi wa umma na jinsi zinavyosimamiwa. Wako waliouliza, na haki yao kuuliza, muuza duka ana nini na mas-ala haya. Sisi hatukupata kuajiriwa na Serikali hata siku moja, wala hakuna mfuko utakaotulipa tukizeeka isipokuwa huu wa koti. Lakini, ndugu zetu, mtu atakaye kujua kama pensheni imefika au haikufika hana haja ya kwenda ofisini. Na afungue daftari la mkopo la duka lolote la Mbagala, la Tandika, la Mwananyamala au la Tandale. Humo ataona kilo mbili za mchele, robo ya sukari na kipande cha sabuni, na pembeni yake imeandikwa "mwisho wa mwezi". Akifunua kurasa mbili tatu ataona yale maneno yamegeuka, sasa yamekuwa "mambo yakikaa sawa". Hapo ndipo muuza duka anapojua kuwa mzee huyu amekwisha kustaafu.

Wengi wenu mlio hapa mna kazi katika shule, hospitali, manispaa na mashirika ya upande huu wa bahari. Wale walioajiriwa na Serikali ya Zanzibar wana mfuko wao, ZSSF, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1998, nao una maneno yake ambayo siku yake itafika. Usiku huu twasema juu ya PSSSF, kwa sababu ndio ulioshika uzee wenu.

Mfuko huu si mkongwe. Ulianza kazi tarehe 1 Agosti 2018, kwa Sheria Namba 2 ya mwaka huo, iliyoiunganisha mifuko minne ya zamani, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Kila mwezi katika mshahara wa mtumishi hutoka asilimia 5, na mwajiri huongeza asilimia 15, jumla 20. Yafaa tulitie moyoni jambo hili, maana wako wanaosema kwamba pensheni ni hisani ya Serikali kwa wazee. Si hisani. Hata ile 15 ya mwajiri ni ujira wa mfanyakazi uliocheleweshwa kwa makusudi, ili aje aukute siku nguvu zimekwisha. Hii ni amana, na mwenye kuishika ni mwekewa amana tu.

Amma deni, kisa chake ni hiki. Zamani, kwa sheria iliyoachwa na Waingereza tangu 1954, mtumishi wa Serikali hakuchangia kitu. Alipostaafu alilipwa kutoka Hazina. Ilipofika 1999 PSPF ikaanzishwa, michango ikaanza kukatwa. Lakini waliokuwa kazini miaka ishirini nyuma walikuwa na haki ya miaka ile yote, na fungu la miaka ile halikuwekwa katika mfuko. Walipostaafu, mfuko ukawalipa miaka yote, hata ile isiyochangiwa, ukitumaini kuwa Serikali itarejesha. Kwa maneno ya dukani, michango ya kijana aliyeajiriwa jana ndiyo iliyomlipa mzee wa juzi, na aliyepaswa kulipa akawa anaahidi. Mwezi wa Disemba 2021 Serikali ilitoa hatifungani isiyo ya taslimu, ya shilingi trilioni 2.17, kupunguza deni hilo. Hatuidharau. Mteja aliyekaa na deni miaka mingi, akaja na karatasi yenye saini na tarehe, ni bora kuliko anayepita upande wa pili wa barabara. Lakini karatasi si fedha mpaka ilipwe, na mwenye duka mwenye akili huiweka mahali anapoiona kila asubuhi.

Sasa kikokotoo. Neno hili limewagombanisha watu mabarazani kuliko mpira, na wengi wanaoligombania hawajapata kushika kalamu wakapiga hisabu. Tuipige hapa. Mtumishi amefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, na wastani wa mshahara wake, katika ile miaka mitatu iliyo bora, ni shilingi milioni 1 kwa mwezi, au milioni 12 kwa mwaka. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF, miezi ile iligawanywa kwa 540, nusu ya pensheni ikatolewa kwa mkupuo na kuzidishwa mara 15.5. Mtu huyu angepata mkupuo wa milioni 62, na kila mwezi kama shilingi 333,000. Kwa kanuni iliyoanza tarehe 1 Julai 2022, mgawanyo ni kwa 580, mkupuo ni asilimia 33, kuzidisha ni mara 12.5. Mkupuo wake ukawa milioni 30 na laki 7, na kila mwezi kama 415,000. Katika bajeti ya mwaka 2024 wale waliokuwa na haki ya nusu walipandishwa kutoka 33 hadi 40, hivyo mkupuo ukawa milioni 37 na laki 2, na mwezi 372,000.

Mumeziona hisabu? Watetezi wa kanuni mpya husema pensheni ya mwezi imekua, na ni kweli. Walalamikao husema mkupuo umekatwa karibu nusu, na hiyo nayo ni kweli. Lakini hakuna baina yao anayezitaja zile namba mbili ndogo, 540 iliyokuwa 580, na 15.5 iliyokuwa 12.5. Watu walipigania asilimia, na asilimia ikarejeshwa kidogo, bali 580 na 12.5 zimekaa pale pale. Sisi wauza duka twaujua mchezo huu, kwani kuna wenzetu, Mungu awasamehe, ambao hawapandishi bei ya mchele, huibadilisha mizani.

Hatusemi kwamba aliyeziweka namba zile ni mwizi. Huenda mfuko usingebeba mzigo wa zamani, na mfuko ukianguka hakuna atakayepata milioni 37 wala 7. Tusemalo ni kwamba kanuni ya kwanza ya 2018 ilitoka, watu wakapiga kelele, na mwishoni mwa Disemba mwaka huo huo Rais Magufuli akaisimamisha. Kanuni ya haki ya watu wote haikupasa kuokolewa na neno la mtu mmoja. Ilipasa kupimwa kabla haijatoka, mbele ya wenye mali.

Hapa ndipo tulipokuwa tunakuja. Chuoni tulifundishwa kwamba deni la muda huandikwa. Mdaiwa ndiye hukiri kwa ulimi wake, lakini kalamu hushikwa na mtu wa tatu mwadilifu, na mashahidi huwepo. Tutazameni basi pensheni ya mtumishi wa umma. Serikali ni mwajiri, maana huleta ile 15. Serikali ni mdaiwa, kwa yale ya kabla ya 1999. Serikali huteua wakuu wa mfuko. Tena mfuko nao huwekeza katika hatifungani za Serikali hiyo hiyo, na mifuko hii ya pensheni ndiyo iliyotoa fedha za kujenga Chuo Kikuu cha Dodoma. Palikuwa na mshika kalamu wa tatu, Mamlaka ya Usimamizi wa Sekta ya Hifadhi ya Jamii, SSRA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2008. Baada ya mifuko kuunganishwa, Mamlaka hiyo ikaondolewa, na kazi yake ikarudishwa ndani ya Serikali, chini ya wizara ile ile isimamiayo mifuko. Yupo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, naye si mara moja amepata kuandika juu ya taasisi za umma zisizopeleka michango kwa wakati. Lakini mkaguzi huja baada ya karamu, akahesabu sahani.

Ikiwa yuko anayedhani twaongeza chumvi, na awakumbuke wazee wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wa reli, wa bandari, wa posta na wa ndege. Jumuiya ilivunjika 1977. Mwaka 1984 nchi tatu zikapatana kugawana mali, na kila nchi ikabeba pensheni za watu wake. Tanzania ilipokea fungu lake la mali. Wazee wakangoja, wakaenda mahakamani, na mapatano ya kuwalipa yakafikiwa mwaka 2005. Hesabuni wenyewe, ni miaka 28. Wengi walikwisha kuzikwa, na hata baada ya hapo wako walioendelea kudai kwamba walichopewa hakikutimia. Wazee hawa mmewaona jijini wamekaa chini na bahasha zao. Hawakudhulumiwa kwa kukosa sheria, maana makubaliano yaliwataja. Walikosa mtu mwenye nguvu ya kuuliza kila mwaka fungu lao limewekwa wapi.

Jirani yetu mmoja wa Mbagala, na ruhusa yake tunayo, aliendesha gari la taasisi moja ya umma miaka 24. Alipostaafu aliambiwa kuwa miezi 31 ya michango yake haionekani. Makato yalikuwamo katika kila hati ya mshahara. Taasisi ilikata, lakini haikupeleka. Alitembea miezi saba baina ya ofisi mbili, kila moja ikimwelekeza kwa nyenziwe. Deni lake kwetu likafika shilingi 418,000, nasi, twakiri mbele yenu, tukafunga mkopo. Akaanza kupita njia ya msikitini asipite dukani. Kilichomwokoa ni kopo la biskuti ambalo mkewe alikuwa akitia humo kila hati ya mshahara tangu mwaka wa kwanza. Asingekuwa na kopo lile, angekuwa bado anatembea.

Kwa hivyo tunawaomba wawakilishi wetu waombe bungeni mambo mawili yasiyo magumu: msimamizi wa mifuko arejeshwe, awe nje ya wizara, na kila taasisi iliyokata isipeleke itajwe kwa jina kila robo ya mwaka, hadharani, si katika kitabu cha kurasa mia tano kitokacho mwaka uliofuata. Vyama vya wafanyakazi vina watu wao katika Bodi ya Wadhamini, nao wawe wakirudi kwa waliowatuma wakaeleze waliyoyasikia.

Amma ninyi mlio kazini, msingoje Bunge. Taarifa ya michango yako ni haki yako kuiona leo, ungali na nguvu ya kugombana. Itakeni kila mwaka, muilinganishe na hati za mshahara mwezi kwa mwezi. Tena akipiga simu mtu asemaye atawaharakishia mafao kwa kutumiwa kitu kidogo, mkateni, maana matapeli wanazijua tarehe za kustaafu kwenu kuliko watoto wenu.

Kuanzia Jumapili ijayo, baada ya alasiri, atakaye kusaidiwa kulinganisha aje barazani kwetu na hati zake. Tumenunua daftari jipya la kurasa 200, na yule jirani yetu dereva amekubali kukaa nasi aandike. Wenye hati zilizoliwa na mchwa waje pia, tutaanza na zilizobaki.

Wassalaam.