Ibada ya Jioni Tuliyotaka Kuifuta

 

Kasisi wetu, wasomaji, wazee wa kanisa, Muungano wa Akina Mama, vijana, wanakwaya wa zamani mliosafiri kutoka mbali, na majirani wa makanisa mengine mliokuja kushangilia pamoja nasi: karibuni Masimba. Katika jubilii hii ya miaka 25 tumepewa dakika chache tuseme neno. Pengine mlitarajia tuzungumze juu ya mashindano na makombe. Makombe yako mezani pale mlangoni, mtayaona mkitoka. Sisi tutasema juu ya Sala ya Jioni.

Tuanze kwa kuungama, maana ndivyo sala hiyo yenyewe inavyoanza. Mwaka jana kwaya hii ndiyo iliyoomba ibada ya jioni ya Jumapili ifutwe. Hakuomba kasisi, wala haikuomba halmashauri. Tuliandika barua sisi wenyewe na sababu tukazipanga: mvua ya alasiri haikosi, ng'ombe wanangoja kukamwa, bodaboda wanapandisha nauli giza likiingia, na wanaokuja hawazidi kumi. Muda ule, tukasema, tupewe tufanyie mazoezi. Barua ilisomwa, ikawekwa kando mpaka sherehe hizi zipite. Kwa hiyo leo tunazungumza juu ya jambo ambalo bado halijaamuliwa.

Omogaka mmoja wa sauti ya besi, aliyeimba nasi tangu mwanzo, hakutugombeza. Aliuliza tu, "Wanangu, mnajua mnachotaka kufuta?" Tulinyamaza. Hatukujua. Tulikuwa tumeiimba miaka yote hiyo kama mtu anayepita njia ya shambani bila kuangalia chini.

Tukaenda kusoma. Zamani huko Uingereza watawa walisali mara kadhaa mchana na usiku, kwa Kilatini, na mkulima wa kawaida hakuwa na sehemu yake humo. Mwaka 1549 Askofu Mkuu Thomas Cranmer alitoa kitabu cha sala kwa lugha ya watu, akazikusanya sala zile nyingi zikawa mbili, ya asubuhi na ya jioni. Katika sala ya machweo alichukua Wimbo wa Mariamu, ulio katika Luka sura ya kwanza. Katika sala ya kulala alichukua Wimbo wa Simeoni, ulio katika sura ya pili. Ndiyo maana jioni moja tunaimba nyimbo mbili za Injili: mmoja wa msichana ambaye maisha yake ndiyo kwanza yanageuka, mwingine wa mzee aliyekwisha kuona alichongojea, sasa anaomba ruhusa ya kuondoka. Zaburi nazo ziligawanywa kwa siku 30, asubuhi na jioni, ili katika mwezi mmoja zote 150 ziwe zimesomwa. (Ole wake aliye zamu jioni ya tarehe 15. Zaburi ya 78 ina mistari 72 katika Biblia, na iko peke yake.)

Kitabu hicho kilirekebishwa mara kadhaa mpaka kile cha mwaka 1662, ambacho ndicho kilichosafiri na wamisionari. Unguja, Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882, alifanya kazi kubwa ya kutafsiri sala na Maandiko kwa Kiswahili. Upande wetu wa Nyanza, CMS walianza Maseno mwaka 1906. Hapa Gusii Wakatoliki walikuwa Nyabururu tangu 1911 na Waadventista Nyanchwa mwaka uliofuata, na hata leo sisi Waanglikana tuko wachache. Hatuoni haya kusema hivyo. Tumejifunza mengi kwa majirani. Ijumaa jua likizama, nyumba nyingi za hapa huimba kuipokea Sabato, na watoto wetu wanazijua zile nyimbo. Ukisoma Mwanzo sura ya kwanza utaona kwamba jioni ndiyo inayotangulia asubuhi. Na Kiswahili chetu kinasema usiku wa kuamkia Jumapili, kana kwamba siku inaanza kabla hatujalala.

Jambo lililotushika zaidi lakini ni dogo. Karibu na mwisho wa Sala ya Jioni kuna sala tatu fupi, na ya tatu inamwomba Mungu aliangaze giza na atulinde na hatari zote za usiku ule. Kitabu cha 1662 kinaagiza kwamba mara baada ya sala hiyo, palipo na waimbaji, ndipo waimbe wimbo wao. Tulidhani kwaya imewekwa kupamba ibada. Kumbe mahali petu ni pale hasa, baada ya neno la hatari.

Tuliposoma hayo tulikumbuka usiku mmoja. Mwanakwaya mwenzetu alikuwa amefiwa na mama yake, na mwili ulikuwa umefika nyumbani jioni hiyo kutoka mochari. Kasisi alikuwa kanisa jingine la parishi. Mvua ilikuwa imenyesha, stima imepotea, na boma limejaa watu waliokaa kimya chini ya turubai. Msomaji wetu akasimama na tochi ya simu akaanza Sala ya Jioni, kwa maana sala hii haingoji kasisi. Hapakuwa na vitabu. Lakini vitikio vilijibiwa, zaburi ikaitikiwa, na tulipofika kwa Wimbo wa Simeoni tuliuimba sauti zote nne bila kuona karatasi wala uso wa mtu. Tuliweza kwa sababu ya zile Jumapili za watu saba, mvua ikipiga mabati hata somo lisisikike. Majirani Waadventista walikaa nasi. Ulipoanza wimbo wa jioni wa Henry Francis Lyte, yule kasisi wa Kianglikana aliyefariki mwaka 1847, walituzidi sauti. Mwenzetu alituambia baadaye kwamba maneno ya mahubiri hakuyakumbuka hata moja, ila alikumbuka kwamba usiku ule watu hawakumwacha.

Basi tulipoandika kwamba wanaokuja hawazidi kumi, hesabu yetu ilikuwa sahihi, na hoja yetu haikuwa sahihi. Mashida bado ni yale yale, hatuyafichi. Huku kwetu jua huzama karibu na saa moja kasoro mwaka mzima, si kama Uingereza, ambako Juni watu husali jioni jua likiwaka. Ibada ya saa kumi na mbili inawarudisha akina mama nyumbani gizani, na hilo si jambo la kuambiwa tu wavumilie. Kwa hiyo pendekezo letu jipya kwa halmashauri ni hili: ibada ianze saa kumi na moja kamili na isipite dakika 40, zaburi moja itoshe, na wanakwaya wapangwe kwa zamu, wanne wanne, sauti zote ziwepo, kila kundi likiwasindikiza wanaokaa mbali mpaka barabarani. Mwezini mara moja ibada ihamie katika boma la mgonjwa au la mzee asiyeweza kutembea. Mazoezi tutayafanya Jumamosi.

Barua ya mwaka jana tumeiomba tuirudishiwe. Karani anasema ataitafuta.

Leo, baada ya chai, hatutatawanyika mara moja. Saa kumi na moja kengele italia, na wanakwaya wote, wa zamani na wa sasa, wasimame mahali pao pa zamani. Nyimbo mbili za Injili ziko ukurasa wa nyuma wa kijitabu hiki. Mwenye tochi aje nayo.