Tutoe Damu Kabla ya Msiba



Twaomba ruhusa yenu tunene juu ya kutoa damu kwa hiari. Bomu lilipolipuka Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, na tena jengo la Westgate liliposhambuliwa Septemba 2013, watu walipanga foleni ndefu wakawatolea damu wasiowajua. Jambo hilo twajivunia.

Lakini wahenga walisema akiba haiozi, na akiba ya damu huoza. Hata ikiwekwa penye baridi, hudumu wiki 5 au 6 tu. Tena mama atokwaye na damu wakati wa kujifungua hatangazwi redioni. Aletwapo usiku, humfaa damu iliyokwisha kutolewa, ikapimwa, ikawekwa tayari.

Wako waogopao. Kitolewacho ni kama mililita 450, hakifiki nusu lita, na mwili hukirudisha. Sindano ni mpya kwa kila mtu. Mwenye afya njema, wa miaka 16 hadi 65, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi, aweza kutoa: mwanamume kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4.

Mzigo huu umewaelemea mno wanafunzi. Shule zifungwapo, akiba hupungua. Je, yafaa watoto watangulie, nasi watu wazima tutazame? Wenye nguvu na watoe. Nanyi wazee mliopita umri huo, semeni nyumbani, kwani neno lenu husikiwa.