Maneno Yenye Mkia wa "-cide"



Nimeombwa niseme machache juu ya Kiingereza, maana kukifundisha ndiko kulikonilisha mpaka nikastaafu. Nitashika mkia mmoja tu wa maneno, nao ni "-cide".

Tulipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu alituandikia ubaoni: "suicide", kujiua, "homicide", kuua mtu, "fratricide", kuua ndugu, "regicide", kuua mfalme. Akatwambia mkia huo umetoka katika neno la Kilatini "caedere", yaani kukata au kuua. Nikajiona nimepata ufunguo wa milango yote. Katika mtihani tukaulizwa maana ya "coincide". Nikaandika bila wasiwasi: kuua mtu kwa sarafu. Wapo humu ukumbini wanaolikumbuka jambo hilo, na mmoja wao hadi leo akiniona huniita "Sarafu".

Kumbe "coincide" ni mgeni katika ukoo huo. Asili yake ni "cadere", kuanguka: mambo mawili yameangukia mahali pamoja. Lakini "decide", ambalo halina hata tone la damu, ni la ukoo wa "caedere" hasa. Waroma walikata, nasi twakata shauri. Wala sidhani kama kuna aliyemwiga mwenzake.

Vijana, msidhani haya ni ya mtihani tu. Dukani "insecticide" ni dawa ya kuua wadudu, na "herbicide" ni ya kuua magugu. Kichwa cha neno ndicho kinachomtaja anayekufa. Shemeji yangu alitazama mkia, akanyunyizia maharage yake dawa ya magugu. Wadudu walisalimika.

Sasa nije kwenye neno ambalo halikuwemo ubaoni: "genocide". Neno hili ni changa. Alilitunga Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland aliyekimbilia Marekani, akalitoa katika kitabu chake cha mwaka 1944. Alichukua "genos" la Kigiriki, yaani ukoo au taifa, akaliunga na mkia wetu wa Kilatini. Ndugu zake wengi waliuawa na Manazi. Sheria ilijua kumwita jina aliyeua mtu. Aliyekusudia kufuta jamii nzima haikuwa na jina la kosa lake. Tarehe 9 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba wa kuzuia na kuadhibu kosa hilo.

Kwangu lilikuwa neno la kamusi mpaka mwaka 1994. Nilikuwa nafundisha Mkoa wa Kagera. Mwishoni mwa Aprili, kwa muda wa saa 24 hivi, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Mto Kagera ukachukua maiti mpaka Ziwa Victoria. Siku moja nilikuwa nikifundisha orodha ile ile ya mwalimu wangu, mwanafunzi mmoja akauliza kama "genocide" nalo limo. Nikageuka, nikaliandika ubaoni. Mkono ukakataa kuandika maana yake. Nikasimama na chaki mpaka kengele ikalia.

Baadaye Kiswahili kikasema "mauaji ya kimbari", na waliochagua neno hilo walichagua vema, kwa kuwa mbari ndiyo "genos" yenyewe. Tarehe 2 Septemba 1998, mahakama ya Umoja wa Mataifa pale Arusha ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo. Niliposikia habari hiyo nilikwenda darasani nikaandika maana: kuua kwa kusudi la kuangamiza taifa, kabila, watu wa rangi au wa dini fulani, wote au sehemu yao. Yule aliyeniuliza alikuwa amekwisha kumaliza shule, nami sikumpata nimpe jibu lake.