Mikebe Miwili Inayofanana: Kupika Vyakula Vyepesi kwa Maziwa ya Mkebe

(Maneno ya mama mmoja wa idara ya maendeleo katika semina ya siku moja ya vikundi vya akina mama. Tumeyafupisha kidogo.)

Akina mama, na wale akina baba watatu ninaowaona pale mlangoni, ingieni ndani. Ni mambo ya jikoni, lakini hata nyinyi mnakula.

Nimekuja na mikebe miwili. Pokezaneni, kila mmoja aishike. Ukiitazama ni kama mapacha, si ndiyo? Sasa wacha niwaambie kwa nini nimeibeba yote miwili.

Kikundi chetu kiliwahi kuombwa kipike chakula cha mchana kwa wageni sitini. Wengi walikuwa wazee, na tulikuwa tumeambiwa mapema kwamba baadhi yao wana ugonjwa wa sukari na wengine presha. Kwa hivyo tukakata shauri: hatutatumia krimu wala mafuta mengi, tutalainisha malenge kwa maziwa ya mkebe. Mwenzetu mmoja akatumwa dukani. Akarudi na mikebe sita, tukaifungua, tukaimimina yote. Kila aliyeonja akasema malenge ya mwaka huu ni matamu kweli kweli! Hakuna aliyesoma karatasi ya mkebe. Mzee mmoja mgonjwa wa sukari aliyapenda, akaongezewa. Jioni alipelekwa zahanati hajiwezi. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini mimi ndiye niliyemwongezea ile sahani ya pili. Sijasahau.

Haya, tusome. Mkebe huu umeandikwa "evaporated". Haya ni maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa mpaka maji yake yakapungua kiasi cha asilimia 60. Hayana sukari ya kuongezwa. Huu mwingine umeandikwa "sweetened condensed". Nayo yamepunguzwa maji, lakini karibu nusu ya kilichomo ni sukari iliyoongezwa. Ndiyo maana ni mazito, yanavuta kama asali. Hata kama hujui Kizungu, tikisa mkebe. Ya kwanza yanacheza ndani kama maji, ya pili yanasonga polepole. Neno "sweetened" ndilo la kutafuta, na ukiliona, mkebe huo hauingii kwenye chakula cha mgonjwa wa sukari. Hata ule wa kwanza una sukari yake ya asili ya maziwa, kwa hivyo mgonjwa apakuliwe kwa kiasi.

Kwa nini basi tuseme haya yasiyo na sukari ni mepesi? Linganisha mafuta. Katika gramu 100 za krimu nzito kuna kama gramu 35 za mafuta. Tui zito la nazi lina kama gramu 20, pengine zaidi. Maziwa haya yana gramu 7 au 8 tu, na bado mchuzi unakuwa mzito na laini mdomoni. Siwaambii watu wa Pwani waache nazi, watanifukuza! Nasema kwa yule aliyeambiwa na daktari apunguze mafuta, hapa pana njia.

Kabla ya kupika, jambo la watoto. Hakuna mkebe hata mmoja kati ya hii miwili ulio chakula cha mtoto mchanga. Nimeona bibi akimkorogea mjukuu wa miezi miwili haya ya sukari kwa maji ya moto, kwa sababu mama yake alikuwa amelazwa. Alifanya kwa upendo, lakini mtoto ananenepa uso huku mwili hauna nguvu, na maji machafu yanamletea kuhara. Si jambo jipya. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams alisimama mbele ya wanachama wa Rotary kule Singapore akalizungumzia bila kuficha, na hotuba yake akaiita "Maziwa na Mauaji". Miezi sita ya kwanza ni titi peke yake. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayodhibiti uuzaji wa vyakula vinavyochukua mahali pa maziwa ya mama. Mama akishindwa kunyonyesha, mpelekeni mtoto kliniki siku hiyo hiyo, msingoje chama kikutane.

Haya, sufuria.

Naanza na mboga, kwa sababu hapo wengi wenu ni walimu wangu. Akina mama wa Magharibi, wa Nyanza na wa Bonde la Ufa wamekuwa wakipika managu na sagaa kwa maziwa tangu zamani ili uchungu upungue. Wakisii wanampa mama aliyejifungua chinsaga. Kwa hivyo mkebe haukutufundisha kitu, unasaidia tu pale ambapo hakuna ng'ombe. Chemsha mboga ziive, mwaga maji ya uchungu ukipenda, kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja tu cha mafuta, tia mboga, halafu nusu kikombe cha maziwa ya mkebe. Punguza moto, ziache zitokote taratibu. Ukitaka nyanya, ziive kabisa kwanza, na maziwa yaje mwisho. Nyanya mbichi na ndimu ni chachu, zitayakatisha yawe mabonge.

Malenge na viazi vitamu ni hivyo hivyo. Viponde, tia maziwa badala ya majarini, chumvi kidogo. Basi.

Cha kumalizia chakula, mimi napenda wali wa maziwa. Osha nusu kikombe cha mchele, upike kwa vikombe viwili vya maji mpaka ulainike kabisa, kisha mimina mkebe mmoja wa gramu 410. Tia iliki iliyotwangwa na vijiko viwili vya sukari, si zaidi. Koroga kwa mwiko bila kuondoka, maana maziwa haya yanashika chini upesi kuliko ya kawaida. Ukianza kuona mwiko unaacha njia, epua. Ukipoa unazidi kuwa mzito. Katakata ndizi mbivu au papai juu yake, na hapo tunda ndilo linaloleta utamu. Wanatosha watu sita. Mgonjwa wa sukari mpe vijiko vichache bila ile sukari, au mpe tunda peke yake.

Sasa mama mmoja wa kutoka Kinangop ameniuliza wakati wa chai: "Mimi nina ng'ombe watatu, nikanunue mkebe wa nini?" Mama, usinunue! Mkebe mmoja unakugharimu kuliko lita nzima ya maziwa yako. Mkebe ni wa Kitui na Makueni wakati wa kiangazi, na ni wa nyumba ambako maziwa mabichi hayafiki. Wewe maziwa yako ya jioni ambayo gari la ushirika halichukui, weka lita moja katika sufuria pana, moto mdogo, koroga kila mara mpaka yabaki nusu lita. Inachukua kama saa moja. Fanya hivyo moto ukiwa tayari unawaka kwa kazi nyingine, maana kuni nazo ni pesa.

Lakini sikilizeni vizuri. Ya kwako si sawa na ya kiwandani. Kiwandani mkebe unafungwa kwanza, halafu unapashwa moto mkali kupita ule wa maji yanayochemka, wadudu wote wanakufa humo ndani. Ndiyo maana unakaa miezi mingi dukani. Sufuria yako haifiki moto huo, na haina kifuniko cha kuzuia hewa. Yapikie usiku huo, au kesho asubuhi baada ya kuyachemsha tena. Usiyatie kwenye chupa ukayauza ati ni maziwa ya kukaa.

Na mkebe wenyewe: uliovimba, uliotoboka au wenye kutu kwenye mshono, usiuonje hata kidogo, mrudishie mwenye duka. Ukishafunguliwa, mimina yaliyobaki katika chombo safi chenye kifuniko. Kama huna friji, yatumie siku hiyo. Kwa hivyo kikundi kikipika, fungueni mkebe mmoja mmoja, msifungue sita kwa pamoja kama tulivyofanya sisi.

Jiko liko tayari kule nyuma. Kikundi cha kwanza watapika managu, cha pili malenge, cha tatu wali. Kila kikundi kichague mtu mmoja wa kusoma mkebe kwa sauti kabla haujafunguliwa. Akina baba, kuni ziko kando ya tangi la maji.