Leseni ya Udereva na Daftari la Wapiga Kura



Mazungumzo haya yahusu daftari kubwa kuliko la chama chochote cha msingi, nalo ni daftari la wapiga kura la jimbo la Arizona, huko Marekani.

Marekani haina kitambulisho cha taifa. Mahali pengi leseni ya udereva ndiyo inayoshika nafasi hiyo, na sheria ya mwaka 1993 iliagiza kwamba mwombaji wa leseni apewe nafasi ya kujiandikisha kupiga kura papo hapo. Mtu huthibitisha kwa sahihi yake kuwa ni raia. Akisema uongo, ana kesi ya kujibu.

Wapiga kura wa Arizona waliona sahihi haitoshi. Mwaka 2004 walipitisha sheria ya kumdai anayejiandikisha ushahidi wa uraia, kama cheti cha kuzaliwa au pasipoti. Leseni ya jimbo iliyotolewa baada ya tarehe 1 Oktoba 1996 nayo hukubaliwa, kwa kuwa tangu wakati huo waombaji hutakiwa kuonyesha kuwa wamo nchini kihalali. Waliopata leseni kabla ya hapo hawakudaiwa hati hiyo.

Katibu aliyewahi kumpa mwanachama kitabu kipya badala ya kilicholiwa na mchwa, akaandika tarehe ya siku ile bila kutaja ile ya kuingia chamani, ataelewa upesi lililofuata. Mwenye leseni ya zamani alipopewa nyingine, mitambo iliisoma tarehe mpya kana kwamba ndiyo ya kwanza. Akahesabiwa kuwa ameleta hati ambayo hakuna aliyemwomba.

Kosa hilo lilidumu miaka mingi. Liligunduliwa Septemba 2024, alipoonekana daftarini mkazi mmoja asiye raia, ambaye hata hivyo hakuwa amepiga kura kamwe. Kwanza zilitajwa kura za watu 98,000 hivi. Kabla mwezi haujaisha hesabu ikafika 218,000 hivi, na uchaguzi mkuu ulikuwa wiki chache mbele. Mahakama Kuu ya jimbo iliamua wasizuiwe kupiga kura yoyote, maana kosa halikuwa lao na muda ulikwisha kupita.

Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Jimbo la Kansas lilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 2013, ikawazuia waombaji zaidi ya 31,000, ilhali wasio raia waliothibitika kuingia daftarini kati ya 1999 na 2012 walikuwa 39. Mahakama iliibatilisha mwaka 2018, na rufani ikashindwa mwaka 2020.

Huko Arizona uchaguzi ulipita, lakini daftari halikusahihishwa kwa uamuzi ule. Mwaka 2025 baadhi ya wilaya zilianza kuwaandikia wahusika barua, zikiwataka watu waliopiga kura miaka ishirini na zaidi watafute vyeti vyao vya kuzaliwa, wengine katika majimbo waliyoyahama wangali watoto.