Cheche na Joto Katika Jenereta na Mota

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya maisha ya fundi umeme. Naomba radhi, nitazungumza juu ya jambo dogo kuliko hilo. Nyuma ya bwalo, katika kibanda cha bati, ipo jenereta tuliyoichangia sisi wazee wa shule hii. Nasikia Kamati inafikiria kukifunga kibanda kile kwa kufuli na ufunguo kuwekwa kwa fundi wa mjini, ambaye atafika mara moja kila miezi mitatu. Mimi sikubaliani na shauri hilo, na nitaeleza sababu.

Jenereta yenyewe ni ya aina iliyoenea sana Afrika Mashariki, STC kutoka China, izungukayo mara 1500 kwa dakika ili kutoa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde. Katikati yake ipo rota, na rota haina budi kupelekewa umeme huku inazunguka. Utawezaje kuunga waya kwenye kitu kinachozunguka mara 25 kila sekunde? Huwezi. Kwa hiyo kuna pete mbili juu ya shafti, na juu ya pete hizo vimekaa vipande vya kaboni vinavyosukumwa na springi. Umeme wote wa kuamsha sumaku ya rota hupita pale, mahali pa kusuguana. Faraday naye mwaka 1831 alipozungusha sahani yake ya shaba mbele ya sumaku alilazimika kutumia mguso wa namna hii hii. Jina la brashi limetokana na wahandisi wa mwanzo kutumia vifungu vya nyaya za shaba, kama brashi kweli, navyo vilikuwa vikikwaruza na kutoa cheche mno. Mwaka 1885 Mskoti George Forbes alipata hataza ya kutumia kaboni, na tangu hapo jina likabaki ingawa brashi yenyewe haipo tena.

Wengi hudhani kaboni hugusa shaba moja kwa moja. Sivyo. Mtambo ukiwa mzima, juu ya pete hufanyika utando mwembamba wa rangi ya chokoleti, mchanganyiko wa kutu ya shaba, unga wa kaboni na unyevu wa hewa. Utando huo ndio mafuta ya pale. Katika Vita Kuu ya Pili ndege zilipoanza kuruka juu sana, kwenye hewa kavu, kaboni za jenereta zake zilisagika na kuwa vumbi kwa muda mfupi wa kushangaza, kwa kuwa unyevu wa kulisha utando haukuwapo. Basi kijana akiona pete ina rangi ya kahawia iliyolingana, asikimbilie msasa kuing'arisha. Anaifuta afya yake.

Sasa cheche. Katika mota zenye komyuteta, kama ile ya drili au ya stata ya gari, vicheche vidogo vya buluu kwenye ukingo wa kaboni huvumilika. Katika pete, kama za jenereta yetu, hapatakiwi kuwa na cheche. Ukiziona, lipo jambo: springi imelegea, au kaboni imekwisha, au imekwama katika nyumba yake kwa uchafu, au pete imepoteza mviringo, au beringi imechoka na shafti inatetemeka. Kila mara kaboni inaporuka, hata kwa unene wa unywele, umeme huruka pia na kuchoma tundu dogo juu ya pete. Tundu hilo huirusha kaboni zaidi katika mzunguko ujao. Ndiyo maana cheche hazijitibu. Wiki hii ni nukta za buluu, wiki mbili baadaye ni ulimi wa manjano unaoifuata pete. Na jambo moja la kustaajabisha: mtambo kuendeshwa miezi mingi kwa mzigo mdogo kupita kiasi huharibu utando pia, kwa sababu kaboni hutaka umeme wa kutosha upite ndani yake.

Nitawapa mfano wa kiwanda kimoja nisichokitaja. Walikuwa na mota kubwa ya pete ikizungusha kinu. Niliitwa kusuka rota baada ya ajali, na jambo la kwanza niliomba daftari la zamu. Kila siku, kwa miezi, safu ya "Kaboni na pete" ilikuwa imeandikwa neno moja: kawaida. Lakini wafanyakazi wenyewe waliniambia kwamba kwa muda wa wiki tatu walikuwa wakiona mwanga kupitia wavu usiku. Unga wa kaboni ulikuwa umejaa juu ya kihami kati ya pete na pete, na unga huo hupitisha umeme. Usiku mmoja moto uliruka kutoka pete hadi pete. Kijana aliyekuwa zamu aliungua mikono yote miwili. Kinu kilisimama wiki kumi na moja, na vibarua hawakulipwa kitu wiki hizo. Nimeona madaftari mengi yenye nafasi tupu, nayo hunisikitisha. Lakini daftari lililoandikwa kawaida na mtu asiyeinama kutazama hunitia hofu.

Nije kwenye joto. Shaba ya koili haiogopi joto. Kinachoogopa ni vanishi na karatasi zinazoihami. Vihami hupangwa kwa madaraja: B huvumilia nyuzi 130 za Selsiasi, F 155, H 180. Mhandisi Montsinger wa Marekani alipochunguza transfoma, mwaka 1930 aliandika kwamba kila nyuzi 8 hivi zinazoongezeka hupunguza umri wa kihami kwa nusu. Mafundi husema nyuzi 10. Mtambo ambao ungeishi miaka ishirini utaishi kumi, kisha mitano, wala hautalia.

Wazee wenzangu mliozoea kupima mota kwa kiganja, nawaomba muache. Mkono hauvumilii nyuzi 60 ila kwa muda mfupi, na ganda la mota mpya ya daraja F laweza kupita hapo likiwa zima kabisa. Kinachosema kweli ni kulinganisha: pimajoto lile lile, mahali pale pale, mzigo ule ule, leo na juzi. Na vijana wa kidato cha tatu wanayo njia bora zaidi. Ukinzani wa shaba hupanda pamoja na joto, na uwiano wake ni wa 235 kujumlisha nyuzi za joto. Tuseme koili baridi, katika nyuzi 25, ina omu 2.00. Baada ya kazi, mtambo ukiwa umezimwa, mnapima upesi mnapata omu 2.50. Zidisheni 260 kwa 1.25, mtapata 325, toeni 235. Koili ina wastani wa nyuzi 90, na mahali pa moto zaidi pamezidi hapo. Huo ni mtihani wa Fizikia wenye faida.

Sababu za joto mnazijua nyingi: mzigo kuzidi, fezi moja kukatika, uchafu katika njia za hewa. Mimi nimewahi kutoa kiota kizima cha udongo cha nyigu katika tundu la kupoozea. Kwa hiyo tundu za hewa ziangaliwe kwanza, kabla ya kufungua bolti yoyote.

Katika vituo vikubwa vya umeme hupachika vipima joto vya platinamu ndani kabisa ya koili, na wana vyombo vya kunusa chembe za kihami kinachoungua na vya kusikiliza mawimbi ya redio yanayotolewa na cheche. Hili la mwisho mnaweza kuliiga. Chukueni redio ndogo, masafa ya kati, iwekeni mahali pasipo na stesheni karibu na kibanda. Izoeeni sauti yake jenereta ikiwa nzima. Siku ikianza kukwaruza, kaangalieni kaboni.

Wako watakaosema mambo haya yanapita. Ni kweli jenereta nyingi mpya hazina brashi, na treni za umeme zilizoanza mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma zina mota zisizozihitaji. Yetu inazo, na ndiyo tuliyo nayo.

Shauri langu, Ndugu Mwenyekiti, ni kwamba ufunguo akae nao mwalimu wa Fizikia, na wanafunzi wawili wawili wawe na zamu. Mtambo ukizunguka watazame kupitia wavu tu, mikono nyuma. Ukiwa umezimwa na kufungwa usiweze kuwashwa, wapime urefu wa kaboni, na ikibaki theluthi ibadilishwe. Wavute springi kwa mizani, wakitafuta kati ya gramu 150 na 250 kwa kila sentimita mraba ya kaboni. Wapanguse unga kwa brashi kavu, pua zikiwa zimefunikwa. Kaboni mpya ichongwe kwa msasa wa kawaida uliozungushwa juu ya pete. Msasa wa emeri usikaribie pale, maana punje zake ni ngumu na hupitisha umeme. Na katika daftari waandike tarakimu na rangi walizoziona. Neno kawaida nimeomba lisiwemo.

Mizani, pimajoto na seti mbili za kaboni nimezileta, zimo katika kasha la mbao mezani kwa Mwalimu Mkuu. Daftari pia limo, nimelipiga mistari mwenyewe.