Sheikh Amri Abedi na Sheria za Mashairi
(Hotuba iliyotolewa Msanzi)

Wako wanaosema kuwa Mfipa hawezi kutunga shairi la Kiswahili, ati kazi hiyo ni ya watu wa pwani. Sheikh Kaluta Amri Abedi hakuzaliwa pwani. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, kando ya ziwa lile lile la Kasanga yetu. Mwaka 1954 alitoa kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Yale ambayo malenga walirithishana kwa mdomo, yeye aliyaandika: katika shairi la kawaida kila mstari una mizani 16, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho havipotei. Hesabu hiyo mtoto wa shule aiweza kwa vidole!

Wengine hudai sheria zamfunga mtunzi. Mimi naona imfungayo ni sheria isiyoandikwa, maana hukaa mikononi mwa wachache.

Mwaka 1960 alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. 1963 akawa Waziri wa Sheria. Alifariki 1964, angali kijana.

Jumamosi jioni leteni daftari na kalamu. Tutaanza na ubeti mmoja, mistari minne.